Kosa la Kipimajoto Ziwani Tanganyika

Mimi ni mzaliwa wa Gitaza. Mwaka 1858 Burton na Speke walipima kimo cha ziwa letu kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Walipata takriban mita 560 juu ya bahari. Kimo halisi ni kama mita 770. Kipimajoto kilikuwa na hitilafu, na kukisoma mara nyingi kusingeiondoa. Baadaye Burton alikitilia shaka kipimo hicho, akadai Rusizi huenda hutoka ziwani kuelekea Nile. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipita mwambao wetu kwa mtumbwi, wakaukuta Rusizi unaingia ziwani. Leo wanaopima maumbo kwa mistari ya mwanga huihakiki kamera kwanza kwa kitu chenye vipimo vinavyojulikana. Naona sababu: chombo hakijisahihishi chenyewe.