Ndovu wa Kaisari na Kioo cha Eburru

Watu husimama Kikopey kwa sababu ya nyama. Unachagua mguu wa mbuzi unaoning'inia, unapimiwa kilo zako, na wakati makaa yanafanya kazi yake unatazama Ziwa Elementeita na Mlima Eburru ng'ambo ya bonde. Mimi nilifundisha historia shuleni hadi nilipostaafu. Siku hizi, Jumamosi, nakaa na vijana wa hapa tukisoma habari za Ugiriki na Roma ya kale. Wazazi huniuliza mambo hayo ya mbali yatawasaidia nini watoto wa wachoma nyama. Ndiyo maana naanza na jiwe la nyumbani.

Mvua kubwa ikinyesha, mitaro ya huku hufukua vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Ni obsidiani, kioo kilichotengenezwa na volkano. Pale Kariandusi, mwendo mfupi kutoka hapa, Louis Leakey na wenzake waligundua mwaka 1928 mashoka ya mawe ya watu wa kale kabisa, mengine yakiwa ya jiwe hilihili. Vijana wakishayaona, maswali hayakomi, nami nayaacha yaongoze somo. Sina mtaala. Mtoto anayefuata swali lake mwenyewe atavumilia hata tarehe na majina magumu.

Kaisari Augusto wote wanamjua. Humsikia kila Krismasi, amri yake inaposomwa kanisani kwamba watu wakaandikwe. Hawakujua kwamba mtu huyo alitoa ndovu wanne wa obsidiani katika hekalu la Concordia mjini Roma. Habari hiyo imo katika kitabu cha 36 cha kazi kubwa ya Pliny Mzee kuhusu maumbile. Pliny aeleza kwamba jiwe hilo lilipatikana Ethiopia, kwamba Warumi walilitia ukutani kama kioo cha kujitazamia, na kwamba lilirudisha kivuli badala ya sura. Msichana mmoja aliposikia hayo alitoka nje na kipande chake, akakigeuzageuza juani, akarudi kutuambia Pliny amesema kweli. Mwandishi wa karne ya kwanza alikuwa amepata msomaji wa kumhakiki.

Kisha wakauliza: Mwalimu, mtu mwenye dhahabu yote ile alitaka jiwe la nini? Nadhani ni ugumu wa kazi. Obsidiani hupasuka kwa urahisi na makali yake hukata vidole. Kulichonga hadi litoke ndovu mzima, mara nne, ni kuonyesha kwamba una mafundi ambao hakuna mwingine anao.

Sidai kwamba jiwe la Kaisari lilitoka Eburru. Ila kuna mfanyabiashara mmoja aliyeishi Misri, asiyetaja jina lake, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne hiyohiyo mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus. Anataja ghuba karibu na Adulis, katika Eritrea ya leo, ambako obsidiani ilifukuliwa chini ya mchanga. Halafu anaendelea kusini, pwani hadi pwani, mpaka Rhapta, soko la mwisho la Azania, ambayo ndiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki. Anaorodhesha pembe za ndovu na za kifaru, magamba ya kasa, na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, pamoja na divai na ngano kidogo, si za kuuza bali za kutafutia urafiki. Vijana hucheka wakifika hapo, kwa maana wanaijua vizuri biashara ya kumkirimu mteja kwanza.

Na huku bara je? Hili ndilo ninalotaka walishike. Athens ilipokuwa inajenga Parthenon, kati ya 447 na 432 KK, nchi hii haikuwa tupu ikingoja kugunduliwa. Waliishi hapa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao wanaakiolojia wameuita utamaduni wao kwa jina la Elmenteita. Walipanda Eburru kuchimba obsidiani yenye rangi ya kijani, wakaichonga kuwa visu virefu vyenye makali pande mbili. Mbuzi alikatwakatwa katika bonde hili karne nyingi kabla ya barabara ya lami. Katika pango la Mto Njoro, lililochimbuliwa na Mary na Louis Leakey mwaka 1938, walikutwa wafu waliochomwa moto, na pamoja nao mabakuli ya mawe, michi na shanga. Yapata miaka 3,000 imepita, maana yake ni kabla ya mwaka 753 KK ambao Warumi waliuhesabu kuwa mwanzo wa mji wao. Warumi wa siku za Augusto nao walichoma wafu wao. Hapo mabishano hudumu mpaka jua lizame, maana huku kwetu maiti huzikwa.

Visu vya Eburru vimepatikana hata Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria. Tunajuaje ni vya Eburru? Kila mmwagiko wa volkano una mchanganyiko wake wa elementi, na maabara huweza kuulinganisha na jiwe la mlimani. Kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa akisinzia tulipokuwa kwa Augusto, aliamka kabisa kwa jambo hilo. Anataka kujua kama sanamu za obsidiani zilizomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya zimepimwa hivyo. Tumeanza kuandika barua ya kuuliza.