Miaka 80 ya Fender: Magitaa Yaliyobuniwa na Fundi Redio

Mwaka huu wa 2026 kampuni ya Fender ya California inatimiza miaka 80, na la kwanza la kusema kuhusu mwanzilishi wake ni kwamba hakujua kupiga gitaa. Clarence Leonidas Fender, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Leo, alifariki mwaka 1991 bila kuwahi kuwa mpiga gitaa. Alichokuwa nacho ni mikono ya fundi, sikio la kupambanua sauti nzuri na mbovu, na subira ya kumsikiliza mwanamuziki akilalamika hadi amalize. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya vyombo vyake kudumu: vilibuniwa na mtu aliyezoea kufungua vitu vilivyoharibika, akahakikisha vya kwake vinafunguka.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika shamba la wazazi wake, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, kusini mwa California, eneo ambalo siku hizo lilikuwa la michungwa mitupu. Jicho la kushoto alilipoteza akiwa mtoto, akaishi na la kioo. Redio zilimvutia tangu ujana, lakini alisomea uhasibu, na ajira za uhasibu zikamponyoka uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930. Mwaka 1938 akakopa fedha na kufungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Mkewe, Esther, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu, na katika miaka migumu ya mwanzo mshahara wake ndio uliobeba nyumba.

Wanamuziki wakaanza kupita dukani hapo na amplifaya zao mbovu. Leo alizitengeneza, kisha akaanza kuunda za kwake. Mwaka 1945 aliungana na Doc Kauffman, aliyekuwa amefanya kazi na Rickenbacker, kampuni iliyokuwa ikiuza magitaa ya umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakatengeneza amplifaya ndogo pamoja na magitaa ya Kihawaii, yale ya kulazwa mapajani. Mwaka 1946 Kauffman alijitoa kwa kuhofia madeni. Leo akabaki peke yake na kuiandikisha Fender Electric Instrument Company.

Gitaa la umeme la enzi hizo lilikuwa gitaa la kawaida lenye tumbo wazi, lililobandikwa pikapu. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huzalisha umeme kidogo, na amplifaya huukuza umeme huo kuwa sauti. Shida ilikuwa lile tumbo. Ukiongeza sauti ukumbini, spika hulitikisa tumbo, tumbo hutikisa nyuzi, nyuzi hurudisha sauti kwenye spika, na ghafla gitaa linapiga mluzi wa kuumiza masikio. Dawa ilikuwa kuliondoa tumbo kabisa, kiwiliwili kikawa ubao mzima. Leo hakuwa wa kwanza kuliwaza hilo. Paul Bigsby, fundi mwingine wa California, alimtengenezea mpiga gitaa Merle Travis gitaa la namna hiyo mwaka 1948. Lakini Bigsby alitengeneza moja moja kwa kuagizwa. Leo alitaka gitaa la kiwandani, ambalo mpigaji wa kawaida angeweza kulinunua na fundi wa kawaida angeweza kulitengeneza.

Mwaka 1950 likatoka, kwanza kwa jina la Esquire, kisha, likiwa na pikapu mbili, kwa jina la Broadcaster. Watengenezaji wa magitaa wa zamani walipoliona walisema ni koleo la theluji. Kiwiliwili chake kilikuwa ubao wa mti wa ash uliokatwa kwa mashine, usio na nakshi yoyote. Shingo ya mti wa maple haikugundishwa. Ilikazwa kwa skrubu nne. Vifunga nyuzi vyote sita vilipangwa upande mmoja wa kichwa ili kila uzi upite moja kwa moja bila kupinda. Nyaya zilifikiwa kwa kufungua bamba dogo. Shingo ikipinda, unafungua skrubu nne, unaweka nyingine, na jioni hiyohiyo unapanda jukwaani. Katika chombo cha kinanda au fidla wazo hilo lingekuwa kufuru. Kwa mpiga gitaa wa bendi za kuzunguka, ambaye mkate wake unategemea onyesho la kesho, lilikuwa ukombozi.

Kampuni ya Gretsch ilikuwa na ngoma zilizoitwa Broadkaster, ikapinga jina hilo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 kiwanda kikaanza kukata jina kwenye stika za kichwani, kikabakiza neno Fender tu, na magitaa ya miezi hiyo yasiyo na jina leo hutafutwa kwa udi na uvumba. Don Randall, mkuu wa mauzo, ndiye aliyepata jina jipya kwa kuitazama televisheni, chombo kipya cha wakati huo: Telecaster. Gitaa hilo halijawahi kuondolewa sokoni hadi leo.

Kama ningelazimika kuchagua kazi moja tu ya Leo Fender, nisingechagua gitaa lolote la solo. Ningechagua besi. Hadi mwaka 1951 mpiga besi alibeba besi kubwa ya kusimama, ndefu kumzidi yeye mwenyewe, ngumu kupakia garini, na ikifika ukumbini inafunikwa na ngoma na tarumbeta. Precision Bass ya mwaka huo ilikuwa na nyuzi nne, urefu wa uzi wa inchi 34, na freti za chuma shingoni. Freti hizo ndizo zilizoipa jina: kidole kikitua nyuma ya freti, noti ni sahihi, hakuna kubahatisha. Mpiga gitaa aliweza kuishika na kuipiga siku hiyohiyo. Mpiga besi akaweza kuvaa mkanda, kusimama mbele na wenzake, na kusikika hadi mlangoni.

Hapa historia ya Fullerton inagusana na ya muziki wetu. Bendi za rumba za Kinshasa zilianza na besi kubwa ya kusimama, zikahamia ya umeme, na dansi la Dar es Salaam na Nairobi likasimama juu ya mpangilio huohuo wa solo, rithimu na besi. Si kila bendi ilikuwa na chombo cha Fender, na wengi walipiga chapa za bei nafuu. Lakini wazo la besi inayovaliwa mkanda, yenye freti na waya wa kwenda kwenye amplifaya, lilienea sokoni kwa mkono wa fundi huyu, na mpiga besi yeyote wa dansi anamdai shukrani.

Mwaka 1954 ikaja Stratocaster, iliyozaliwa na malalamiko. Wapigaji wa Telecaster walisema kona za ule ubao zinawachoma mbavuni. Bill Carson, mpigaji wa muziki wa kantri aliyekuwa akivijaribu vyombo vya Leo jukwaani, alikuwa miongoni mwao. Freddie Tavares, mzaliwa wa Hawaii aliyejiunga na kiwanda akiwa mwanamuziki mzoefu, alichora umbo jipya lenye pembe mbili, lililochongwa nyuma likae tumboni na mbele mkono upumzike. Pikapu zikawa tatu. Daraja la nyuzi likawekewa springi mgongoni na mkono wa chuma wa kulegeza na kurudisha sauti, ili mpigaji aitetemeshe noti na nyuzi zirudi mahali pake. Bei yake pamoja na mkono huo ilikuwa dola 249.50.

Swichi ya Stratocaster ilikuwa na nafasi tatu, moja kwa kila pikapu. Wapigaji waligundua kwamba ukiiegesha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili hulia pamoja na kutoa sauti nyembamba, tamu, ambayo haikuwa kwenye mpango wa kiwanda. Wakawa wanaibana swichi kwa njiti na vipande vya karatasi. Kiwanda kilichelewa sana kuwasikia: swichi ya nafasi tano iliwekwa mwaka 1977 tu. Sauti hiyo ya katikati imejaa kwenye rekodi nyingi kuliko tunavyotambua.

Amplifaya nazo zilikuwa roho ya kampuni, na Leo mwenyewe alizipenda zaidi, kwa kuwa alikuwa mtu wa redio. Champ ndogo ya chumbani, Deluxe, Twin, na Bassman iliyokusudiwa besi lakini ikapendwa na wapiga gitaa. Sakiti ya Bassman ilinakiliwa mjini London katika duka la Jim Marshall mwanzoni mwa miaka ya 1960, na amplifaya ya kwanza ya Marshall ikatokana nayo. Kwa hiyo hata ule mngurumo mzito wa roki ya Uingereza una asili yake Fullerton.

Magitaa mengine yalikwenda njia ambayo hayakupangiwa. Jazzmaster ya mwaka 1958 ililengwa kwa wapigaji wa jazi. Hao hawakuitaka, vijana wa fukwe za California wakaichukua. Jaguar ikafuata mwaka 1962, na Mustang mwaka 1964 kwa wanafunzi. Zote baadaye zilishuka thamani, na kwa sababu zilipatikana rahisi kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, vijana wasio na fedha wa miaka ya 1980 wakazishika. Mwanamuziki wa roki Kurt Cobain alikuwa mmoja wao. Upande wa besi, Jazz Bass ya mwaka 1960 ilikuwa na shingo nyembamba zaidi, na mpiga besi Jaco Pastorius alizing'oa freti zote za moja ya mwaka 1962 na kubadili kabisa namna ya kuipiga. Chombo kinachofunguka kinamkaribisha mwenye ujasiri wa namna hiyo.

Kisha ikaja Januari 1965. Leo, akiwa amechoshwa na maradhi ya muda mrefu na kazi iliyomzidi, aliiuza kampuni kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Miezi michache kabla, CBS ilikuwa imenunua asilimia 80 ya New York Yankees, timu maarufu ya besiboli, kwa dola milioni 11.2. Kwa fedha zilizolipwa, Fender ilikuwa imeipita.

CBS haikuwa na nia mbaya, na uzalishaji ulipanda. Lakini maamuzi yalihama kutoka mezani pa fundi kwenda mezani pa wahesabu gharama. Amplifaya za transista za mwaka 1966 ziliharibika ovyo, na Forrest White, meneja wa kiwanda tangu 1954, aliondoka kwa kukataa kuzikubali. Mwaka 1971 skrubu za shingo ya Stratocaster zikawa tatu badala ya nne. Mfumo wenyewe haukuwa mbaya, bali ulifanywa kizembe, na shingo zikawa zinacheza. Rangi ikapakwa nene kama plastiki. Wapigaji hawakuandika barua. Walianza tu kununua magitaa ya zamani, na neno "kabla ya CBS" likawa kipimo cha bei hadi leo.

Leo hakukaa kimya. Aliendelea kubuni, kwanza na Music Man, ambako ilitoka besi ya StingRay mwaka 1976, kisha na G&L, kampuni aliyoianzisha na rafiki yake George Fullerton, aliyekuwa naye kiwandani tangu 1948.

Uokoaji ulianza mwaka 1981, CBS ilipowaleta Bill Schultz na Dan Smith kutoka Yamaha. Waliona kwamba Wajapani walikuwa wakitengeneza nakala za Fender bora kuliko Fender yenyewe. Badala ya kuwapiga vita, waliingia nao ubia, na mwaka 1982 Fender Japan ikaanza, magitaa yakitengenezwa na kiwanda cha FujiGen. Hapo ndipo lilipoanza kutumika jina la Squier kwa magitaa ya bei nafuu, jina la kampuni ya nyuzi ya Michigan ambayo Fender ilikuwa imeinunua miaka ya 1960. Mwaka 1985 Schultz na wenzake wakainunua Fender kwa dola milioni 12.5, chini ya bei iliyolipwa miaka 20 nyuma. Majengo ya Fullerton hayakuwemo katika mauzo. Walikuwa na jina, michoro na baadhi ya mitambo, wakaanza upya na kundi dogo mjini Corona, hukohuko California.

Ngazi ya bidhaa iliyopo sasa ilijengwa baada ya hapo. Squier, zinazotengenezwa Asia, ni za anayeanza, ingawa toleo la Classic Vibe limewatosha wengi wanaolipwa kwa kupiga. Ensenada, Mexico, mwendo wa saa chache kutoka Corona, hutoa mfululizo wa Player, ambao ningemshauri mpigaji wa bendi auanzie. Corona hutoa American Professional. Juu kabisa ni Custom Shop, karakana iliyofunguliwa mwaka 1987 kwa kazi za kuagiza, na mwaka mmoja baadaye Fender ilitoa gitaa lake la kwanza lenye jina la mpigaji, Stratocaster ya Eric Clapton.

Katika sherehe za miaka 80 majina ya wapigaji kama Clapton na Jimi Hendrix yatatajwa sana, na wanastahili. Ningependa yatajwe pia ya waliokaa kwenye meza za kiwanda. Tadeo Gomez alichonga shingo katika miaka ya 1950, na herufi TG alizoziandika kwenye kisigino cha shingo leo hutazamwa na wanunuzi kabla ya jambo lolote lingine. Abigail Ybarra aliajiriwa mwaka 1956 na akazungusha waya wa pikapu hadi alipostaafu mwaka 2013, akipita enzi zote tatu: ya Leo, ya CBS na ya Schultz. Wateja wa Custom Shop waliomba pikapu zenye saini yake. Kabla ya kuondoka alimfundisha Josefina Campos, na kazi ya pikapu ikaendelea mikononi mwake.