Maneno ya Mali Iuzikayo katika Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Mfanyabiashara atakapo kusifu mali yake hasemi daima kwamba ni nzuri. Husema kwamba inatoka, au inakwenda, au ina soko. Mali isiyopata mnunuzi husemwa kwamba imelala au imedoda. Wanafunzi wetu huyatumia maneno haya kila siku pasipo kuyapima. Hapa twapenda kuyatazama pamoja na habari za njia ya zamani itokayo Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Tabora, na toka hapo mpaka Ujiji. Kwa maana katika njia ile aliyekosea kujua kitu gani kitauzika aliwatia watu wake katika njaa.

Tuanze na sarufi. Kitu kikiuzwa, yuko mtu akiuzaye, hata asipotajwa. Lakini tukisema kitu chauzika, twataja hali ya kitu chenyewe, na mwuzaji hatumwoni tena, wala mnunuzi. Methali yaendelea mbele zaidi isemapo, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: hapa kitu chenyewe kimefanywa kuwa mwuzaji. Tena yafaa kuangalia neno rahisi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu cha bei ndogo, kinyume cha ghali. Maana ya jambo lisilo gumu imefuata baadaye. Kwa hiyo mwanafunzi aandikapo “mali rahisi” hatujui kama ataka kusema mali ya bei ndogo au mali iuzikayo upesi, na mambo haya mawili si mamoja. Pembe za ndovu zilikuwa ghali, nazo ziliuzika upesi kupita vitu vyote vya Bara.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, tarehe 7 Novemba, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne. Fedha za sarafu hazikufaa kitu kwa kununua chakula njiani. Walichukua nguo, ushanga na nyaya za shaba, na vyote vilikwenda juu ya mabega ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani ratili sabini hivi.

Katika nguo, iliyopendwa sana ilikuwa merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, waliileta Unguja kwa wingi baada ya mapatano yao na Sayyid Said ya mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, viliikatiza biashara ile, na baadaye viwanda vya Bombay vikafuma nguo ya namna ile ile. Nchi ilibadilika, jina halikubadilika. Neno lililotaja mahali nguo itokapo lilikuwa limekwisha kuwa sifa: aliyesema merikani alitaja nguo ambayo kila mtu ataipokea.

Ushanga ulikuwa mgumu zaidi, maana kila nchi ilikuwa na upendo wake. Stanley, aliyefika Unyanyembe mwezi wa Juni 1871, aliandika kwamba ushanga mweusi ulipokewa Ugogo, bali kwa makabila mengine haukuwa na thamani. Aliyenunua vibaya pale Unguja hakuweza kurudi kubadili. Ushanga uliokataliwa ulizidi kutembezwa, nao haukuwa na miguu yake: aliyeutembeza ni mpagazi, akiulemewa kijiji hata kijiji, na posho yake haipatikani. Ndipo methali ile ya chema na kibaya ilipopata maana nzito kuliko ile ya sokoni.

Ushanga mwekundu uitwao sami-sami ndio uliotamaniwa kuliko wote, na Burton ametuwekea majina mawili ambayo watu waliupa. La kwanza ni kimara-phamba, naye alieleza kwamba maana yake ni kimaliza chakula, kwa kuwa mtu atatoa chakula chake ili aupate. Shina hilo la kumaliza, yaani -mala, laonekana katika lugha nyingi za Kibantu, na Kinyamwezi ni mojawapo. Jina la pili ni kivunja-mji, kwa kuwa wake, alisema, watajifilisi wao na waume zao kwa ajili yake. Majina haya yameundwa kama tusemavyo kifungua mimba au kitinda mimba: ki-, kisha kitendo, kisha kile kitendewacho.

Tofauti ni kubwa. Inatoka, inakwenda, ina soko: haya ni maneno ya mwenye duka, atazamaye mali ikiondoka kwake. Kimaliza-chakula na kivunja-mji hutaja mahali mali ifikapo: chungu kitupu na nyumba iliyofilisika. Mali ni ile ile, nayo yasifiwa kwa jina limwonyalo mnunuzi.

Tena tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo watu nao walihesabiwa pamoja na bidhaa, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na katika Bara hata baada ya hapo. Juu yao pia ilisemwa nani ana soko na nani hana. Sarufi ile imfichayo mwuzaji ilitumika kwa mwanadamu kama kwa jora la nguo.

Kwa hiyo twawashauri walimu, wafundishapo vitenzi vya hali, wasitosheke na kuuzika na kununulika ubaoni. Wawaulize watoto: Nani ameuza? Nani amenunua, naye ametoa nini? Kisha wawape kazi ya kuunda majina kwa mfano wa kivunja-mji, juu ya vitu viuzikavyo upesi katika maduka ya kwao. Twadhani majina watakayoyaleta yatamfundisha na mwalimu.