Swichi na ruta

Swichi na ruta ni vifaa viwili vinavyopitisha data katika mitandao ya kompyuta. Swichi huunganisha kompyuta zilizo ndani ya mtandao mmoja, kwa mfano zile za chumba kimoja au jengo moja. Ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine na kuchagua njia ya kupitishia data. Kazi hiyo huitwa uelekezaji. Tofauti kati ya vifaa hivi ni msingi wa masomo ya mitandao, na hutahiniwa katika vyeti kama CCNA cha kampuni ya Cisco.

Anwani mbili

Kompyuta iliyo mtandaoni hutumia anwani za aina mbili. Anwani ya MAC ina biti 48 na kwa kawaida huwekwa kwenye kadi ya mtandao kiwandani. Anwani ya IP hutolewa kulingana na mtandao ambao kompyuta imeunganishwa nao. Toleo la IPv4 lina biti 32, yaani anwani zipatazo bilioni 4.3, toleo la IPv6 lina biti 128.

MAC inafanana na jina la mtu, na IP inafanana na sanduku lake la posta. Mwalimu akihamishwa kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga, jina lake linabaki lilelile lakini S.L.P. yake inabadilika. Swichi hufanya kazi kwa MAC, ambayo ni tabaka la 2 la modeli ya OSI. Ruta hufanya kazi kwa IP, ambayo ni tabaka la 3.

Kazi ya swichi

Data ndani ya mtandao mmoja husafiri katika fremu. Fremu inapoingia, swichi husoma MAC ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba mtumaji huyo yupo kwenye tundu fulani. Kisha hutafuta MAC ya mpokeaji. Ikiipata, hupeleka fremu kwenye tundu hilo pekee. Isipoipata, huituma kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikotokea.

Swichi mbili zikiunganishwa kwa waya mbili bila kinga, fremu zinazotumwa kwa wote huzunguka bila kikomo na mtandao wote husimama. Kinga ya kawaida ni itifaki ya STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985. Itifaki hiyo hufunga njia ya ziada na kuifungua ikiwa njia kuu itakatika.

Kazi ya ruta

Data inayovuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine hubebwa katika pakiti zenye anwani za IP. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari mjini Mpanda, mkoani Katavi, yenye mitandao miwili:

- Maabara ya kompyuta: 192.168.10.0/26
- Ofisi za walimu: 192.168.10.64/26

Namba 26 inaonyesha kwamba biti 26 za mwanzo hutambulisha mtandao. Zinabaki biti 6, ambazo hutoa anwani 64. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote, hivyo vifaa hupewa 62. Maabara ina anwani 1 hadi 62, na ofisi 65 hadi 126. Kompyuta yenye mwisho 20 haiwezi kufikia yenye mwisho 70 kwa swichi pekee. Lazima ipitie ruta, ambayo anwani yake huitwa lango.

Ruta huamua kwa kutumia jedwali la njia. Kutoka Mpanda, barabara moja huelekea Uvinza na Kigoma, nyingine Inyonga na Tabora, na nyingine Sitalike na Sumbawanga. Ruta ni kama kibao cha njiapanda: haibebi ramani ya safari nzima, bali inajua kituo kinachofuata tu. Njia mbili zikifaa, huchaguliwa ile inayotaja mtandao kwa biti nyingi zaidi. Pakiti isiyo na njia maalumu hufuata njia ya jumla, na kama hiyo haipo hutupwa.

Katika kila ruta fremu ya zamani huondolewa na mpya huundwa, kwa hiyo MAC hubadilika. Anwani za IP hubaki zilezile hadi mwisho, isipokuwa pale zinapobadilishwa kwa NAT.

Njia huweza kuandikwa kwa mkono au kujifunzwa kwa itifaki. Ndani ya taasisi moja hutumika OSPF, na kati ya kampuni za intaneti hutumika BGP.

Umuhimu wa njia Afrika Mashariki

Njia ya data si lazima iwe fupi kama inavyoonekana kwenye ramani. Kabla ya vituo vya kubadilishana data, barua pepe kati ya kampuni mbili za Nairobi iliweza kupitia setilaiti hadi Marekani na kurudi. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kila kupanda na kushuka huchukua karibu robo sekunde.

Kituo cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwezi Novemba 2000. Kilifungwa mwezi uliofuata kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano, baada ya Telkom Kenya kudai kwamba kinaingilia haki yake ya pekee, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Tanzania ina vituo vya aina hiyo Dar es Salaam na Arusha. Mwaka 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza. Katika nyuzi za kioo, kilomita 2,000 hupitwa kwa milisekunde 10 hivi.

Kutafuta hitilafu

Mtandao ukikatika, uchunguzi huanzia karibu kwenda mbali:

1. Angalia waya na taa ya swichi.
2. Hakiki anwani ya IP ya kompyuta.
3. Jaribu kufikia lango kwa amri ya ping.
4. Jaribu anwani ya IP iliyo nje ya shule.
5. Jaribu jina la tovuti.

Hatua ya 3 ikishindwa, tatizo kwa kawaida liko ndani ya mtandao wa shule. Ya 3 ikifaulu na ya 4 ikashindwa, chunguza ruta au mtoa huduma. Ikishindwa ya 5 pekee, kasoro kwa kawaida iko kwenye DNS.

Tazama pia

- Anwani ya IP
- Intaneti
- Mkoa wa Katavi