Nyumba za Usukuma na Haja za Wenyewe

Mtu asafiriye kando ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza kwenda Magu, huona nyumba nyingi za pembe nne zenye mabati, na mara moja moja msonge wa nyasi. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba msonge ni alama ya ujinga, na bati ni alama ya maarifa. Twataka leo kuipima hukumu hiyo, maana wazee wetu walijua walichokijenga.

Katika karne ya 19 haja ya kwanza ilikuwa usalama. Vita na unyang'anyi wa ng'ombe vilikuwa vingi. Kwa hiyo watu walikaa karibu karibu, wakajizungushia ua mnene wa minyaa. Mti huu hauliwi na ng'ombe, na utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya. Wajerumani waliweka boma Mwanza mwaka 1892, na baadaye vita vilipokoma, watu walitawanyika, kila mwenye mji akakaa kati ya mashamba na malisho yake. Ua wa minyaa ulibaki, lakini kazi yake sasa ikawa kuzuia mifugo na kuonyesha mpaka.

Sasa na tuingie ndani, maana wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Msonge wa Kisukuma ulikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Katikati walilala watu. Katika nafasi iliyozunguka waliweza kulaza ndama na mbuzi, wasiliwe na fisi. Moshi wa jikoni ulipanda darini, ukafukuza wadudu waharibuo nafaka na nyasi za paa. Paa lenyewe lilizuia jua kali. Fito, kamba, udongo na nyasi vilipatikana karibu, wala havikuhitaji fedha; vilihitaji majirani.

Wala haja hazikuwa za tumbo na usalama tu. Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka, walichora picha za nyoka na za watu katika kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanachama wapya. Hans Cory, aliyechunguza mila za watu wa Ziwa, alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Basi mtu asiseme kwamba nyumba ya udongo haikujua uzuri.

Kisha ikaja fedha ya pamba. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na katika miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilienea sana. Mkulima aliyeuza pamba alinunua kitanda, meza na kabati, navyo havikai vema penye ukuta wa mviringo. Bati nalo limenyooka. Lataka nyumba iliyonyooka. Tena mashamba yalipopanuka, nyasi nzuri za kuezekea zilipungua. Bati lina joto mchana, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Lakini halishiki moto upesi, na maji yake huweza kukingwa katika pipa. Aliyechagua bati alikuwa na sababu, kama babu yake aliyechagua nyasi.

Lakini kuna wakati ambapo mwenye nyumba hakuulizwa. Mwaka 1973 Serikali ilitangaza kwamba watu wote wa mashamba wawe wamekwisha kuhamia katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Nia ilikuwa kuwapatia shule, maji na dawa kwa urahisi, na haja hizo zilikuwa za kweli. Hata hivyo, katika Usukuma nyumba nyingi zilipangwa kwa mistari, mbali na shamba na malisho, na familia nyingi ziliiacha miji iliyojengwa kwa jasho la miaka mingi. Baadaye wengine walirudi walikotoka. Mstari ulionyooka ulimpendeza mpimaji. Haukumsaidia mwenye ng'ombe.

Basi, nanyi wanafunzi, mkiona nyumba ya mzee msiicheke. Mwulizeni kwa nini mlango waelekea huku, na kwa nini zizi liko pale. Naye ajengaye leo, ajenge kwa tofali akipenda, au kwa udongo. Lakini kwanza ahesabu watu wake, mifugo yake, maji yake na upepo wa mahali pake, ndipo atazame nyumba ya jirani.