Mwaka wa Mabanyani kwenye Njia ya Tabora

Pembe nyingi zilizopita Tabora zilikuwa zimeshakopewa fedha Unguja kabla ndovu hajapigwa risasi. Waliokopesha merikani, shanga na bunduki walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, na juu yao ilikaa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mabanyani, yaani wafanyabiashara Wahindu, wa Kutch huko India, waliokodi forodha ya Sultani. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alipopanga safari yake ya bara mwaka 1857, mkuu wa forodha alikuwa Ladha Damji, mtu wa nyumba hiyo.

Banyani mwenyewe alipanda bara kwa nadra. Mhindi aliyesifika Kazeh, Tabora ya leo, alikuwa Musa Mzuri wa Surat, naye Mwislamu. Lakini deni lilisafiri, na deni la Banyani lilikuwa na mwaka wake. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufunga madaftari sikukuu ya Diwali, usiku wa giza unaomaliza mwezi wa Aso, kisha mwezi wa Kartik hufungua mwaka mpya wa kalenda ya Vikram Samvat. Msafara ukikawia Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, miaka miwili mitatu, deni lake lilivuka Diwali kadhaa.

Hesabu ya kalenda hiyo ina ufundi. Kila mara mwezi wa angani unapoliacha jua kwa digrii 12 zaidi, tithi moja, yaani siku ya mwezi, imekwisha. Zikitimia 30, mwezi huandama upya. Tithi huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi, kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani. Siku nayo huanza jua linapochomoza, na hupewa tarehe ya tithi iliyopo wakati huo. Tithi fupi ikianza baada ya macheo na kuisha kabla ya macheo yanayofuata, tarehe yake hurukwa. Ndefu ikikuta macheo mawili, tarehe hurudiwa. Tena, takriban kila miezi 33 huongezwa mwezi mzima, ndiyo maana Diwali haizunguki misimu yote kama Ramadhani.

Saa njema ya kuanza jambo nayo hutafutwa katika kalenda hiyo hiyo. Wagujarati hugawa mchana mafungu manane, choghadiya: Amrit, Shubh na Labh ni ya heri, Rog, Kaal na Udveg huepukwa, na Char hufaa safari. Tabora, karibu na ikweta, kila fungu ni kama saa moja na nusu mwaka mzima. Msomaji anayehesabu saa kuanzia alfajiri hatashangaa sana. Hata hivyo misafara yenyewe iliwasikiliza waganga, na wapagazi wa Kinyamwezi waliangalia msimu wa kulima.

Tatizo la kutumia kalenda hiyo Tabora ni macheo. Wanajimu wa India walipitisha mstari wao mkuu wa longitudo katika mji wa Ujjain, nayo Tabora iko digrii 43 hivi magharibi yake, kwa hiyo jua hulifikia anga lake karibu saa tatu baadaye. Tithi iliyopo alfajiri ya Ujjain huenda imekwisha kabla Tabora haijapambazuka. Kalenda za Kihindu za kwenye simu huuliza mji kwanza. Ukiandika Tabora, siku ya mfungo yaweza kuhama.