Tarehe ya Livonia Katika Zama za Waswidi

Upande wa mashariki wa bahari ya Baltiki, kutoka mto Daugava kwenda kaskazini hadi ziwa la Peipus, ilikuwako nchi iitwayo Livonia, ambayo leo sehemu yake imo katika Latvia na sehemu katika Estonia. Wenyeji wake, Walatvia na Waestonia, walikuwa watu wa jembe, wakilima rai, shayiri na kitani. Lakini tangu karne ya 13, askari wa vita vya msalaba walipoishinda nchi kwa upanga, ardhi ilikwisha kuwa milki ya makabaila wa Kijerumani, na kadiri miaka ilivyopita mkulima akazidi kufungwa na shamba, hata asiwe na ruhusa ya kuhama ila kwa idhini ya bwana wake.

Katika Septemba 1621 mfalme wa Uswidi, Gustav II Adolf, baada ya kuuzingira Riga kwa majuma kadhaa, aliingia katika mji huo na kuutwaa kutoka mikononi mwa mfalme wa Polandi. Riga ulikuwa mji wa wafanyabiashara, mkubwa kuliko Stockholm yenyewe, na kila majira ya kuchipua, barafu ya Daugava ilipoyeyuka, nafaka, katani, kitani na magogo ya milingoti yalikuwa yakiteremka mtoni kutoka bara ya mbali kuja kupakiwa merikebuni. Kwa hiyo aliyeshika forodha ya Riga alikuwa ameshika hazina isiyokauka. Suluhu iliyofanywa Altmark mwaka 1629 ikathibitisha kwamba sehemu kubwa ya Livonia ni ya Waswidi.

Gavana mkuu wa Livonia, Johan Skytte, aliyepata kuwa mwalimu wa mfalme katika utoto wake, alikuwa mtu wa elimu, naye hakuona fahari kutawala nchi yenye maboma na isiyo na vyuo. Kwa juhudi yake mfalme alitia sahihi hati ya kuanzisha chuo kikuu katika mji wa Tartu mwaka 1632, akiwa vitani karibu na Nuremberg, miezi michache tu kabla hajauawa Lützen. Skytte alitangaza siku ya kufunguliwa kwake kwamba hata mtoto wa mkulima asizuiwe kuingia. Tangazo hilo halikutimia, kwani madawati yalijaa vijana wa Kiswidi na wa Kijerumani. Lakini ni jambo kubwa kwamba lilinenwa hadharani, mbele ya makabaila ambao waliwahesabu wakulima pamoja na ng'ombe wa shamba.

Baada ya hapo ilipita miaka mingi isiyo na mengi ya kusimuliwa katika mambo ya raia, isipokuwa vita vya Warusi vya mwaka 1656, na desturi ya wafalme kuwagawia wakuu wao mashamba ya Livonia. Waziri Axel Oxenstierna peke yake alipewa Cēsis na Valmiera pamoja na nchi zilizozizunguka. Hazina ikabaki tupu. Ndipo mfalme Karl XI, kwa uamuzi wa baraza la Uswidi la mwaka 1680, akaanza kuyarejesha kwa taji mashamba yaliyogawiwa, na kazi hiyo ilipofika Livonia haikuwa na huruma: takriban sehemu tano katika sita za mashamba ziliingia katika milki ya mfalme. Wapima ardhi walitumwa kila pembe, wakaandika katika madaftari kila mkulima ana shamba kiasi gani, na anawiwa siku ngapi za kazi na vipimo vingapi vya nafaka. Madaftari hayo, kwa rai yangu, yalimfaa mkulima kuliko ahadi zote, maana bwana aliyetaka kumzidishia kazi sasa alikuwa na maandishi ya kumkanusha, na mkulima wa shamba la taji aliweza kupeleka mashtaka yake hata kwa mfalme. Karl alitaka pia kuuondoa utwana wenyewe, lakini makabaila walikataa katakata. Mmoja wao, Johann Reinhold von Patkul, alihukumiwa kifo mwaka 1694 kwa kuupinga ufalme. Alitoroka, akaenda kuwachochea wafalme wa jirani waishambulie Uswidi.

Katika miaka hiyo hiyo alitokea Bengt Gottfried Forselius, ambaye mimi namtukuza kuliko magavana wote. Mwaka 1684 alifungua karibu na Tartu chuo cha kuwafundisha vijana wa wakulima wa Kiestonia wapate kuwa walimu wa skuli za parokia. Aliziondoa herufi za kigeni ambazo lugha yao haikuzihitaji, akawafundisha kuitamka kila herufi kwa sauti yake, hata mtoto aliyekuwa akihangaika miaka na kitabu akaweza kusoma kwa muda mfupi. Wenye mashamba walipodai kwamba akili ya mkulima haipokei elimu, Forselius hakubishana nao; mwaka 1686 aliwachukua wanafunzi wawili, Ignatsi Jaak na Pakri Hansu Jüri, akavuka nao bahari mpaka Stockholm, wakasimama mbele ya Karl XI na kuonyesha kisomo chao. Mwaka uliofuata baraza la Livonia likaamua kwamba kila parokia iwe na skuli. Vijana wapatao 160 walipita katika chuo kile, na Jaak mwenyewe akawa mwalimu wa Kambja. Forselius alisafiri tena kwenda kwa mfalme mwaka 1688, akapata msaada aliouomba, na katika kurudi merikebu yake ikapigwa na dhoruba akafa maji, naye hajatimiza umri wa miaka 30.

Upande wa Walatvia, mchungaji Ernst Glück wa Alūksne alikuwa ameanzisha skuli zake, na kwa fedha za mfalme akaitafsiri Biblia nzima kwa Kilatvia, ikapigwa chapa Riga. Mialoni aliyoipanda kwa shukrani ya kumaliza kazi hiyo ingali imesimama.

Kisha mvua ya mwaka 1695 ikanyesha kiangazi chote, rai ikaoza mashambani, na mwaka wa pili ukawa kama wa kwanza. Watu walikufa njiani, wakafukiwa wengi katika shimo moja. Estonia na Livonia zikapoteza kama mtu mmoja katika kila watano. Na hili ndilo doa lisilofutika katika utawala ule: wakati raia wakifa, nafaka ya Livonia iliendelea kupelekwa Uswidi na Finland.

Vita alivyovichochea Patkul vilianza mwaka 1700. Mfalme mpya wa Uswidi, Karl XII, aliwashinda Warusi huko Narva, akaenda kupigana mbali, akaiacha Livonia na majeshi haba. Warusi wakarudi, wakaichoma nchi. Mwaka 1708 waliubomoa mji wa Tartu na kuwahamisha watu wake, na Käsu Hans, mtumishi wa kanisa la Puhja, Mwestonia, akautungia mji huo maombolezo kwa lugha yake mwenyewe. Riga ulizingirwa, Tsar Peter wa Urusi akafyatua makombora ya kwanza kwa mkono wake, na katika Julai 1710, tauni ikiwa imekwisha kuingia ndani ya kuta, ukasalimu amri. Makabaila walithibitishiwa haki zao za zamani na kurudishiwa mashamba yao.

Mkataba wa Nystad wa mwaka 1721 uliitoa Livonia kwa Urusi moja kwa moja. Uswidi ililipwa thaler milioni mbili, na ikaruhusiwa kununua kila mwaka, pasipo ushuru, nafaka ya thamani ya rubli 50,000 katika bandari za Riga, Reval na Arensburg, isipokuwa miaka ambayo mavuno yangekuwa mabaya na Tsar akazuia nafaka isitoke.